Tiki Kumi na Mbili za Chiriku

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi huku tunajikongoja. Chiriku wenu anakusalimu sana. Tangu apate nafuu mdomo umerudi kazini, na tulipotoka hospitali muuguzi mmoja alisema sasa wagonjwa wengine watapata kupumzika.

Bandeji ya jicho la kushoto, lile lililopasuliwa, ilitolewa Jumatatu. Linaona, ingawa itabidi avae miwani na kutiwa dawa ya matone maisha yake yote. La kulia, dada, ndiyo basi tena. Daktari alisema ni presha ya macho, imekuwa ikimla polepole mwaka mzima, na kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Unanishukuru, unasema bila mimi mwanao angepofuka kabisa. Unasema pia umemwambia shemeji kwamba ugonjwa umetoka kwa mama yake, na sasa hamsemeshani. Wiki mbili nzima nimekuwa nikitafuta moyo wa kukujibu.

Kwanza nikueleze kazi yangu. Kila mtoto darasani kwangu ana kadi yake yenye mambo kumi na mawili anayotakiwa kuyaweza muhula huo, yaliyopangwa kulingana na alipofikia yeye. Namwita mezani, namjaribu, akiweza natia tiki na tarehe. Asipoweza tunarudia, na tukirudia mara tatu namwita mzazi tutafute shida iko wapi. Mwalimu mkuu anazipenda kadi hizo kuliko watoto wenyewe. Hata hivyo ni kitu kizuri, sitazisingizia.

Mwaka jana mkaguzi alitangaza kuja. Nilikuwa na watoto hamsini na sita na siku tatu. Niliwajaribu mmoja mmoja mpaka sauti ikanikauka. Mmoja tu sikumjaribu. Nilijiambia huyu ni wa nyumbani, namjua nje ndani, kila siku ananisomea kurasa nzima bila kukwama. Kumbe alikuwa anakariri. Nilipoandaa masomo nyumbani nilisoma kwa sauti, naye akiosha vyombo pale pale, anameza yote. Darasani nilimkalisha nyuma kabisa, ili wazazi wa wengine wasiseme nampendelea.

Namba saba kwenye kadi yake inasema: Anasoma maneno ya ubaoni akiwa kitini pake. Niliitia tiki, dada, pamoja na zile nyingine kumi na moja, kwa mkupuo mmoja, huku nazungumza na mwalimu mwenzangu. Ilikuwa miezi kumi na moja kabla hajaanguka kwenye ngazi za shule tukakimbilia hospitali.

Daktari aliuliza kama hakuna mwalimu aliyegundua kitu. Nilimjibu hakuna, na sikumwambia kwamba mwalimu mwenyewe ni mimi. Chiriku alikuwa kando yangu, akanyamaza. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba haoni ubaoni. Akasema alijua haoni, ila kadi yake ilisema anaona, akaogopa akisema nitaonekana mwongo mbele ya mkaguzi. Kisha akanishika mkono, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwa daktari pia hakusema.

Ana miaka minane, dada. Jicho nimemkosesha, siwezi tena kumbebesha na siri yangu. Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mwonyeshe shemeji, kisha umwombe radhi mama yake, maana mzee wa watu hana kosa lolote. Nguo za mtoto nimeshazifunga, mje kumchukua siku mtakayopenda. Sitabishana nanyi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wale watakaokubali salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
mwalimu wake.