Msiunge Waya Kwenye Chaja

Baba, Mama,

Chaja iliyofunguliwa kwenye meza yangu ya kazi msiiguse. Chai iko kwenye chupa.

Baba, kile kidude cheusi chenye miguu minne ndani ya chaja hakikuwa cha kutupa. Ndani kina taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili. Taa ikiwaka jicho linaona, habari inafika, lakini umeme mkali wa ukutani hauvuki. Wewe ulipoona kimeungua ukaking'oa, ukaunga waya mahali pake "ili mambo yaende". Asubuhi nimeshika ncha ya chaja, umeme ukanirusha hadi mlangoni. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Na nikiwa bado sakafuni, Mama ukasema, "Mwambie baba yako nusura akuue." Baba nawe, "Mwambie mama yako apunguze maneno." Mmesimama bega kwa bega, mimi niko chini, bado natumwa.

Tangu mnuniane, waya ni mimi. Hasira ya huyu inapita kwangu kwenda kwa yule, na anayeungua ni mimi.

~~Leo sirudi.~~ Nitarudi jioni, nikishapata kidude kingine. Nitalala wapi kwingine?

Maharage yako jikoni, yanahitaji chumvi tu.

Karatasi ni hii moja. Atakayemaliza kusoma ampe mwenzake, mkononi. Mimi sipo wa kumpelekea.

Binti yenu