Kuni za Harusi ya Zaina

Jumanne, 10 Julai 1984

Nimemwagilia miche mapema. Mifenesi inashika vizuri, mitondoo bado inasinyaa. Halafu njia. Tumebakiza kipande kidogo cha ngazi chini ya chemchemi. Saandi, mwalimu wa shule ya msingi na mkuu wa kamati yetu ya kulinda chemchemi, hupanga mawe. Mimi hujaza udongo na kukanyaga. Mikono inauma. Nina furaha.

Naandika Kiswahili kwa sababu ni lugha ya mama, aliyezaliwa Unguja, na kwa sababu hakuna mtu katika nyumba hii ya Mutsamudu anayekisoma. Shuleni nilifundishwa kufikiri kwa Kifaransa. Kazini nasema Kingazija cha kisiwa chetu, nachekwa kwa Kinzuani cha kisiwa hiki. Hapa niko peke yangu.

Kwetu Moroni hatuna mto. Tulikunywa maji ya mvua kutoka birikani, lile hodhi la uani la kukinga maji ya paa, yenye ladha ya bati na majani. Ofisi ya misitu iliponileta huku kusimamia msitu wa chemchemi, siku ya kwanza nilitia mikono katika maji yanayotembea yenyewe, nikaona haya, kama niliyemkuta mtu anaoga. Haya imeisha. Mapenzi bado.

Ijumaa, 13 Julai

Tangazo limetolewa leo baada ya sala ya Ijumaa. Kuanzia lile jiwe kubwa jeupe kwenda juu, hakuna shoka. Miti iliyosimama haiguswi. Wazee wa mitaa yote miwili, wa juu na wa chini, wameitikia, Fatiha imesomwa. Saandi alitoka msikitini akitembea kama bwana harusi.

"Mji mzima umesikia," aliniambia.

Nimemwamini. Kijito cha bonde la pili kilikufa baada ya miti yake kuishia katika tanuri za kukeneka mafuta ya langilangi, ua la manukato. Chetu hakitakufa. Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi kamwe.

Jumapili, 15 Julai

Chakula cha mchana msituni, kamati nzima na ndugu zao. Samaki wa kuchoma, ndizi, mataba, ambayo mama huiita kisamvu. Watoto ndani ya maji mpaka midomo ikabadilika rangi. Popo wakubwa weusi wananing'inia juu yetu kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba.

Alipita mzungu mmoja wa kikosi cha walinzi wa Rais, na askari wawili. Siku hizi vijana wakikaa pamoja ni jambo la kuulizwa. Aliuliza hiki ni chama gani. Saandi akajibu kwa Kifaransa safi kwamba ni chama cha kupanda mifenesi. Mzungu alitazama miche, akanawa uso kwenye maji yetu, akashuka. Tulisikiliza mpaka sauti ya gari ikapotea. Halafu mtu akacheka, tukala tena.

Nilimchukia kwa kuyapenda yale maji. Upumbavu. Maji hayachagui.

Jumatano, 18 Julai

Miti imetiwa alama. Juu ya jiwe jeupe. Mipana yote inayozunguka chemchemi ina jeraha la shoka kwenye gome, jipya, linatoa utomvu.

Nilirudi nyumbani mbio, na jibu lilikuwa uani. Mama Zaina, mwenye nyumba wangu, alikuwa akiwapa kahawa wakata kuni wawili. Mwezi ujao anamwoza Zaina, binti yake wa kwanza. Harusi kubwa, yenyewe, anayoingoja tangu Zaina azaliwe. Masufuria ya kulisha mji. Kuni za kuwaka siku kadhaa bila kufa. Miti ameichagua mwenyewe, kwa fahari, mizuri kuliko yote.

Nilimwambia juu ya tangazo.

"Lilitolewa wapi?"

"Msikitini. Ijumaa."

"Na Ijumaa mimi niko wapi, mwanangu? Niko hapa, jikoni, nasonga. Mlikwenda kuwakataza kukata kuni watu wasiopika."

Wakata kuni walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ana haki. Wanaume waliapa kwa ajili ya msitu ambao kuni zake, kila harusi, huamuliwa na mwanamke. Mji mzima umesikia: nusu yake. Na mimi, mwanamke pekee katika kamati, sikufikiria. Nilikuwa nimefurahi mno kuketi na wanaume.

Alhamisi, 19 Julai

Nimejaribu tena. Nimeeleza mizizi, mvua, kijito kilichokufa. Nimesema kama kitabu.

"Utawapa wageni wangu nini? Wali mbichi na popo?" Halafu bila mzaha: "Mimi nimekupa chumba, nakuita mwanangu. Usinitie aibu siku yangu moja."

Zaina alikuwa anapakwa liwa usoni na mama yake, ule uji wa msandali wa kulainisha ngozi. Aliniangalia kwa macho tu. Sijui yalisema nini.

Wataanza kukata wiki ijayo. Nampenda mwanamke huyu. Nataka kumpigia kelele.

Jumamosi, 21 Julai. Moroni

Nimeitwa ofisini kutoa ripoti. Ndege ndogo kutoka uwanja wa Ouani. Itsandra kuna kizuizi barabarani, mzungu amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula embe la kopo. Askari wake walifungua hadi pakiti yangu ya karafuu.

Mkuu wangu wa ofisi alisikiliza, akaona ni jambo dogo. Msitu umehifadhiwa kwa sheria, alisema. Atawaomba wakubwa wa kikosi watume watu wawili wasimame penye jiwe jeupe na bunduki mpaka harusi ipite. Anangoja neno langu moja tu.

Nilitaka kulitoa. Lazima niliandike hapa. Kwa muda wa pumzi moja niliiona miti imesimama salama na nikataka. Halafu nikamwona Mama Zaina anapanda ngazi zetu, na bunduki juu zinamngoja. Hakuna mtu angekula tena samaki kando ya yale maji. Nimeomba anipe siku chache.

Jumapili, 22 Julai. Moroni

Nimemweleza mama. Alikuwa anachota maji birikani, hakusimamisha kamba.

"Wewe unagombana na mtu na harusi yake? Hata Unguja hatukufanya hivyo."

"Nifanye nini?"

"Anakuita mwanangu. Basi dai kazi. Kila jamaa wa harusi ana kazi yake. Omba upewe kuni."

Nilimpokea ndoo.

"Mwenye kazi ya kuni," alisema mama, "ndiye anayejua zitatoka wapi."

Mwanamke huyu alimaliza madrasa tu. Nimebusu mkono wake, akanisukuma, nimemwaga maji.

Jumanne, 24 Julai

Nimerudi Mutsamudu. Nimemwomba Mama Zaina kazi ya kuni. Kwa taratibu, nimekaa chini kwenye mkeka, nimejifunika.

Anajua. Si mjinga. Mmoja hupewa mchele, mmoja ng'ombe, mmoja maji, mmoja kuni. Na anayekosa huchekwa yeye na aliyempa, mpaka wajukuu.

"Ukipungukiwa, mwanangu, atakayechekwa ni mimi."

"Sitapungukiwa."

"Wakata kuni wangu nitawaambia wangoje. Hawaendi mbali."

Akaingia ndani, akatoka na shiromani, nguo nyekundu na nyeupe wanayojifunika wanawake wa huku. Ya kwake mwenyewe. Huwezi kupiga hodi za harusi ukiwa umevaa kama karani, alisema.

Nimeogopa kweli. Mifenesi imeshika yote.

Ijumaa, 27 Julai

Nyumba kwa nyumba, vichochoro vyembamba mpaka mabega yanagusa kuta zote mbili. Zaina haruhusiwi kutoka, kwa hiyo naongozana na binamu yake, anayejua milango. Kila uani naomba kitu kimoja: tita la kuni kavu, zilizoanguka. Au makumbi. Au vifuu, matawi ya mikarafuu iliyopunguzwa. Chochote kisichosimama. Na kila uani naulizwa kwa nini, nami nasema kwa nini. Kijito. Maji ya kufulia. Sisemi tena kama kitabu. Nasema, mimi nimekulia birikani, ninyi hamjui mlicho nacho.

Kwa Echati, mwimbishaji wa mtaa wa chini, walikuwepo wanawake wengi wanashona. Alinikagua kuanzia shiromani hadi viatu.

"Mngazija anatafuta kuni. Kwani kwenu hampikii mlimani, mnaweka tu sufuria juu ya volkano?"

Wakafa kwa kicheko. Nikasema ndiyo, lakini wali huungua upande mmoja. Wakacheka zaidi, na hiki cha pili hakikuniuma. Lakini Echati hakuahidi kuni.

Jumatano, 1 Agosti

Rundo ni dogo. Linafika gotini. Makumbi mengi, kuni chache. Wakata kuni wamepita kulitazama, wakasalimia kwa adabu mno.

Saandi na vijana wa kamati wamekusanya matawi makavu tangu asubuhi. Yamo humo humo kwenye lile rundo la gotini.

Mama Zaina anapika, ananipakulia minofu. Hilo ndilo baya zaidi. Ijumaa jioni, kama rundo halikufika juu ya ukuta wa uani, shoka zitapanda. Hakuniambia. Najua.

Ijumaa, 3 Agosti

Walikuja alasiri. Nilisikia nyimbo kabla sijaona mtu.

Echati mbele, tita kichwani, shiromani imefungwa kiunoni, na mtaa wa chini wote nyuma yake. Wimbo ulikuwa unawauliza wanawake wa mtaa wa juu kama wanapikia pumzi. Mtaa wa juu, ambao tangu Jumatatu walikuwa wameniletea kila nyumba makumbi machache tu kwa uvivu, walisikia milangoni. Basi. Hakuna aliyeongea juu ya msitu tena. Ilikuwa mtaa na mtaa. Wakaenda, wakarudi, wakaenda. Vigogo vilivyoletwa na mafuriko ya masika vikatolewa mtoni. Mlango mzee wa mtu. Kitanda kilicholiwa na mchwa.

"Wa juu, leteni na mume wa Fulani, naye ni mkavu," alipaza sauti mmoja wa mtaa wa chini.

Rundo likavuka ukuta. Mama Zaina alisimama barazani akilihesabu kwa macho. Akaniita, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya nguo yake, kwa nguvu, kama mtoto.

Nimelia chooni. Kwa furaha, na kwa uchovu. Nimeipelekea ofisi salamu kwa redio ya bandarini: askari hawahitajiki.

Jumapili, 5 Agosti

Moto ulishika mara moja. Mikarafuu inanukia ikiungua. Pilau yote imepata harufu yake, na wageni wanauliza siri ya mpishi. Zaina kama kito. Echati ameimba jina langu katikati ya wimbo, na neno linalofuata jina sikulielewa. Binamu amekataa kunitafsiria.

Kuni zimebaki.

Jumanne, 7 Agosti

Nimemwagilia miche. Mitondoo nayo imeanza kuchipua.

Mama Zaina amepanda. Hajafika huku tangu siku aliyochagua miti. Amepanda ngazi zetu polepole, akasifu mawe aliyopanga Saandi, akasema udongo wangu umeyaacha yanacheza. Akavua viatu, akatia miguu majini. Tukakaa. Popo walikuwa wanagombana juu, kisha wakatulia.

Baadaye aliinuka akaenda kwenye mti mpana, ule aliokuwa ameuchagua wa kwanza. Akagusa jeraha. Akainama mtoni, akachota udongo laini wa kijivu, akaupaka pale gomeni, kwa vidole viwili, taratibu, toka kati kwenda pembeni, kama alivyokuwa akimpaka Zaina liwa. Akaenda wa pili. Nikachota udongo, nikaanza wa tatu.

Wakati wa kushuka aliokota tawi moja kavu njiani, akaliweka kichwani.