Mama Yako Alipoulizwa na Hakimu

Mjukuu wangu Rehema,

Sisi huku Temeke hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniuliza mahakama itatazama nini ikiamua mwanao akae na wewe au na baba yake. Mimi na babu yako tulipoachana, hakimu alimwita mama yako, akiwa bado mdogo.

"Ukiumwa, nani anakaa na wewe?"

"Baba. Mama anakuwa zamu hospitali."

Basi akabaki kwa baba yake Kinondoni, mie nikapewa Jumapili. Hakimu aliniambia, "Mama, sikupima mapenzi yenu. Nimetazama mtoto atatunzwa wapi vizuri."

Kila Jumapili jioni nilikuwa namsuka nywele polepole. Nikimaliza, nafumua mstari mmoja, nausuka upya, ili akae kidogo tena kabla ya kurudi kwa baba yake. Alijua, akaniinamishia kichwa tena.

Nakukumbuka sana, mwanangu.

Bibi yako