Mshono wa Ukingoni

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la cherehani,
Jumapili ya pili tangu shule zifunguliwe.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. U mzima? Wifi hajambo? Na binti yenu, kile kikohozi kimemwacha? Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Ya moyoni ndiyo haya ninayokuandikia, maana kwenye simu nikianza kuyasema sauti inanikimbia, na baba yetu unamjua, anasikia hata mbu akipiga chafya.

Tangu tumzike mama umekuwa ukiniuliza baba anaendeleaje, nami nakujibu kwa mkato. Mwanzoni alijikaza kuliko sisi. Alifungua duka, akashika mkasi, akakata nguo kama kawaida. Mimi nikakaa kwenye cherehani ya mama, juu ya ule mto wake wa viraka. Nilikuwa nikilia huku nashona, lakini tulisonga.

Kisha ikaja kazi ya mashati ya shule. Baba aliyakata yote mwenyewe, nami nikayashona kama kila fundi anavyoshona, upana wa kidole unabaki nje ya mshono. Nikayapiga pasi, yakapelekwa.

Wacha wee! Hata kesho yake haijaisha, mwalimu mkuu huyo mlangoni na mfuko. Adabu zake unazijua, alizunguka kwenye salamu mpaka nikamwonea huruma. Mashati hayafungiki. Watoto wembamba yamewabana, na wale walioshiba ndio usiseme, vifungo viliruka vikakimbilia chini ya madawati.

Baba akanigeukia papo hapo: "Umekula kitambaa kwenye mshono, wewe!" Mwalimu alipoondoka, baba akavua shati lake mwenyewe, alilolishona mama, akaligeuza ili anionyeshe mshono unavyotakiwa kuwa. Vidole vyake vikaenda kidogo, vikasimama. Nikasogea kutazama. Mama alikuwa ameshona ukingoni kabisa. Nje ya mshono zimebaki nyuzi chache tu, na ukingo wote ameuzungushia sindano kwa mkono, hatua ndogo ndogo, kitambaa kisitatuke. Baba akataka nguo nyingine. Nikaleta gauni langu, nikaleta sketi ya mwanangu. Zote hivyo hivyo.

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoelewa: macho ya baba yamekuwa yakififia kwa miaka. Mstari wa chaki anauona kwa kubahatisha, na mkasi unapita ndani yake, vipande vinatoka vidogo. Mama peke yake ndiye aliyejua. Hakumwambia baba, hakutuambia sisi. Kile mkasi ulichokula, yeye alikuwa akikirudisha kwa sindano.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimtania kwa kuchelewa kwake? Baba ndiye alikuwa kinara wetu. Alimgombeza hata mbele ya wateja, eti nguo ikifika kwa mke wake inazeeka kabla haijavaliwa. Naye mama alikuwa akicheka tu na kusema mwenye haraka aende uchi. Kumbe hakuwa mzito hata kidogo. Kila nguo alikuwa akiishona mara mbili.

Nimejiuliza sana alipata wapi moyo huo, na nadhani najua. Mteja akijaribu nguo, akageuka mbele ya kioo na kusema mzee huyu ana mkono, siku hiyo baba alifunga duka akiimba. Mezani alitutania mpaka chai ikatutoka puani. Mama alikaa pembeni akimtazama kama msichana aliyeposwa jana. Naamini ni jioni zile alizokuwa akizishonea.

Basi baba alikaa na shati mapajani, kifua wazi. Alisema neno moja tu: "Nilimgombeza kwa kunisitiri." Akainuka, akaingia chumbani. Tangu hapo hakutaka duka, hakutaka chakula. Nikimpelekea uji unarudi umeganda. Nikimbembeleza, anasema hajui tena kama aliwahi kuwa fundi. Niliogopa, mdogo wangu. Watu husema wazee waliozoeana hufuatana, nami nikawa nasimama mlangoni kwake nikisikiliza kama anapumua.

Mashati nayo yalikuwa yakinisubiri. Nikayafumua, nikayashona upya ukingoni alivyofanya mama, lakini ule mzunguko wa mkono ulinishinda. Uzi unakaza, kitambaa kinajikunja. Mwishowe nikatukana, Mungu anisamehe, tena kwa sauti. Baba akatoka chumbani, ndevu zimemjaa, akaninyang'anya shati. Akakaa kwenye kiti cha mama. Kumbe mshono ule ni yeye aliyemfundisha mama walipooana, enzi za mkasi wa kuazima. Hauhitaji macho, unakwenda kwa ncha ya kidole. Nikamtungia uzi, akaanza. Machozi yalimdondokea kwenye kola asiyafute, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Sasa mimi ndiye ninayekata. Yeye anamalizia kwa mkono, na kwa uzito anamshinda marehemu. Simharakishi. Daktari wa macho amemwona, anasema kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki. Uji anakunywa, ingawa bado analalamika hauna sukari.

Juzi mwalimu mkuu alikuja kuchukua mashati. Akaligeuza moja, akalipapasa, akasema kweli mzee mkono wako haujapotea. Zamani baba angevimba kichwa siku nzima. Safari hii aliiweka sindano chini, akasema mbele ya watu wote waliokuwapo dukani, "Huo si mkono wangu, mwalimu. Ni wa mke wangu. Miaka yote mliyonisifia, mlikuwa mnamsifia yeye." Mimi nilitoka nje nikalia karibu na pipa la maji mpaka pua ikaziba. Maisha yao yote sikuwahi kumsikia akimsifu mama hivyo, na alipomsifu, mama hakuwepo kusikia.

Ukipiga simu, usimwulize kuhusu macho. Mwulize leo amemaliza nguo gani, kisha mwache aongee hata kama atakuchosha.

Shangazi anakusalimu, na baba mdogo pia, mguu wake una nafuu. Mwanangu Kasuku anasema umletee viatu vyekundu, na kwamba usisahau kama safari ile. Mkumbatie binti yenu. Msalimie sana wifi yangu, na kama kuna jambo anakufanyia kimyakimya, lichunguze, umshukuru leo hii, angali anasikia.

Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi mwema na riziki ya halali.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako.