Wimbo Wetu Umegeuzwa Kengele ya Boza

Jumapili, Kitangari. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mikorosho inachanua, na mimi nimenuna kiasi kwamba mama ameacha kunisemesha.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo leo usitegemee upole kwenye blogu hii.

Jana palikuwa na sherehe ya watoto kutoka jandoni, na bendi yetu ilialikwa kutumbuiza. Bendi yenyewe ni watu watatu: mimi kwenye gita la solo, Rashidi kwenye rithimu, na binamu yake kwenye besi. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wanacheza. Nikaona sasa ndio wakati wa "Ndoo Tupu", wimbo wetu wa kwanza kurekodiwa. Nikaanza ule utangulizi wake, noti za juu zinazoshuka taratibu.

Wanawake wakaacha kucheza, wakakimbia.

Sitanii. Walikimbilia majumbani, wakarudi na ndoo na madumu, wakasimama barabarani wakiangalia upande wa Newala. Hata mama mwenye shughuli alitoka na sufuria lililokuwa bado na punje za pilau. Walipogundua ni sisi tu tunapiga, walicheka hadi wakashikana mabega. Rashidi naye alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka sasa sijacheka.

Wimbo ule tuliutunga mwaka wa kiangazi kikali, matangi ya mvua yalipokauka mapema na kina mama wakawa wanashuka bondeni alfajiri na kurudi jua limeshapanda. Ulikuwa wimbo wa kulalamika. Mama Zainabu, jirani yetu, ndiye aliyewakusanya wenzake waje kuitikia kiitikio, na waliitikia kama watu walioshikwa na jambo lenyewe, kwa sababu ndivyo walivyokuwa.

Zamani ukitaka kurekodi, safari ni Dar, redio ya taifa, na kuna watu wa kuyapitia mashairi yako kwanza. Wajomba zangu walikuwa na bendi nzuri tu na hawakuacha hata kanda moja. Kisha likaja soko huria, kila mwenye mashine akawa na studio. Mimi nilishangilia! Niliwaambia wanafunzi wangu darasani kwamba sasa hakuna wa kutuziba mdomo, na kwamba gita la Kitangari litasikika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwenye mashine wetu alikuwa Baba Shufaa, mnunuzi wa korosho wa Masasi aliyefungua lebo yake mwenyewe. Studio ilikuwa ghala lake. Msimu ulipoisha, alitundika magunia ukutani kuzuia mwangwi, akaweka maikrofoni, basi. Tulirekodi tukinukia korosho, na lori lilipopita nje tulianza upya. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Baba Shufaa mwenyewe alikaa kwenye kreti akitikisa kichwa, na ubeti wa tatu, ule unaowasema matajiri wanaouza maji, aliucheka sana akapiga makofi. Wakati ule boza, lori la kuuza maji, huku kwetu lilikuwa moja tu, la mtu mwingine.

Kanda ilipotoka, ubeti wa tatu haumo. Akasema nafasi haikutosha.

Nikamwamini. Kanda ina nafasi ya nyimbo chungu nzima, na mimi mwalimu mzima nikamwamini.

Kiangazi hiki ndio tumeelewa. Lori lake la korosho limefungwa tangi, linapanda na maji kutoka bondeni, na juu ya kichwa cha lori kuna spika. Spika inapiga nini? "Ndoo Tupu". Gita langu ndilo linalotangaza kwamba boza limefika. Mahali palipokuwa na ubeti wa tatu ameweka sauti yake: "Kina mama, maji safi yamewafikia, njooni na ndoo zenu!" Halafu kiitikio kinarudi, kina Mama Zainabu wanaimba kwa uchungu kwamba ndoo ni tupu, na wenyewe wako kwenye foleni wananunua maji yake.

Leo baada ya ibada nilimkuta amesimamisha gari karibu na soko. Nikamwamkia, shikamoo yake nikampa, kisha nikamwambia aondoe wimbo wetu kwenye gari lake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwalimu," akasema, "redio gani ingekupigia kila siku, kila kijiji? Mimi ndiye nimekufanya ujulikane."

Ujulikane! Watoto wa darasa la kwanza wananiita Mwalimu Boza.

Nikashika njia ya nyumbani. Nikapitia kwa Mama Zainabu nikitegemea atawaka kuliko mimi, maana sauti ni yake. Alikuwa anapepeta mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nilimwona dereva anaelekea huku au Tandahimba.

Jioni boza likaja huku.

Utangulizi wangu ulisikika kabla ya gari kuonekana, na mama akaniita kutoka uani: pipa limekauka, toka na ndoo. Ningefanya nini? Nikatoka. Nikapanga foleni nyuma ya Mama Zainabu, nikisikiliza gita langu mwenyewe likiniita nikanunue maji. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Wimbo ulipofika pale penye tangazo, nikafungua mdomo nikaimba ubeti wa tatu kwa sauti yote niliyonayo, juu ya sauti ya spika.

Niliimba peke yangu. Dereva akageuka kunitazama. Mama Zainabu akanishika mkono.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "usimuudhi. Akiondoka, usiku huu tutapikia nini?"

Nikanyamaza. Simlaumu, naye ana wajukuu ndani. Namlaumu yule aliyechukua kilio cha mwanamke huyu akakifanya kipaza sauti cha biashara, halafu akamfanya aogope kukimalizia.

Nikajaza ndoo, nikaenda kuoga. Maji yalikuwa mazuri. Nikaanza kuimba, kama kawaida yangu nikioga, na nilikuwa nimeshafika mbali nilipogundua ninachoimba. Naimba "Ndoo Tupu" kama inavyopigwa kwenye boza. Nilikuwa nimeruka kutoka ubeti wa pili hadi kiitikio, na katikati nimeweka "kina mama, maji safi yamewafikia".

Mimi. Niliyeutunga.

Nilisimama na povu usoni. Kama mimi nimeanza kuusahau ule ubeti, nani mwingine ataukumbuka? Kwenye kanda haumo, spika haiutaki, foleni inauogopa. Mahali pekee ambapo Baba Shufaa hana mkasi ni hapa kwenye blogu. Kesho, boza lije au lisije, utakuwa umeandikwa. Ubeti wa tatu wa "Ndoo Tupu", wa Kitangari:

Kisima cha babu zetu, maji yana tajiri,
tunashuka kwa miguu, yanapanda kwa gari,
mtoto alia kiu, unasema tusubiri,
ulikunywa kwetu jana, leo huna habari.