Kifua Hakijambo, Ova

Shemeji Yusto,

Vumilia mwandiko wangu. Ulisema kuku akichovya mguu kwenye wino ataandika vizuri kuliko mimi, na leo ni mbaya zaidi, maana naandika nimelala.

Mahindi uliyoyapanda tumeyavuna. Dada yangu Eliza bado anakutengea chai isiyo na sukari kila asubuhi. Halafu anakumbuka, anaibeba kwenda kuimwaga nyuma ya nyumba. Mimi najifanya naangalia mbuzi.

Unakumbuka tulivyopimwa tukakutwa na sukari msimu mmoja, kama mapacha? Ukatangaza mbele ya kanisa kwamba ukoo wetu umekupa mke na ugonjwa, na wewe mahari ulitoa ya kimoja tu. Mchungaji alicheka mpaka akakaa.

Na ile asubuhi ya mwisho pale zahanati. Tabibu wetu alikuwa amekwenda Kibondo, kwa hiyo muuguzi akakupigia simu ya upepo hospitali ya Kasulu. Daktari akauliza, "Habari za kifua, mzee?" Nawe ukaweka kipaza sauti mezani upige kwanza makofi ya salamu, kama Muha aliyelelewa. Muuguzi akakukumbusha kwamba bila kubonyeza kitufe hakuna anayekusikia, na ukimaliza useme "ova" ili mwenzako ajibu. Ukabonyeza.

"Mwakeye, Daktari! Mmeamkaje huko? Watoto hawajambo? Kifua hakijambo, kinabana kidogo tu, tunashukuru. Ova."

Tulicheka, shemeji. Vituo vyote mpaka Gwarama vilikuwa vinasikiliza, nao nadhani walicheka. Sukari hukuitaja. Kanisani ulikuwa utani; ila nani angetaja ugonjwa wake mbele ya nchi nzima, tena kwa mtu aliyemsalimu kwanza? Ukaambiwa upumzike, gari litafuata likipatikana. Jasho lilikuwa linakutiririka, ukasema ni joto. Asubuhi ya baridi ile!

Gari lilipofika, lilitukuta tunalia.

Daktari alikuja msibani. Akanieleza kwamba sukari ya muda mrefu hufifisha maumivu. Moyo wa mtu unaweza kuwa unakufa, mwenyewe akasikia kubanwa kidogo, jasho na uchovu. Kwa hiyo hukujikaza wala hukuficha. Ulisema ulichosikia. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku hizi muuguzi wetu, mtu akileta kifua, anauliza sukari kabla ya salamu. Wazee wanasema amekosa malezi.

Juzi zamu ikawa yangu. Nilikuwa napalilia maharage, jasho likanitoka, mkono ukawa mzito, kifua kikabana. Kidogo tu, shemeji. Kidogo kama chako. Nilitamani nijilaze pale kwenye migomba, mambo yaishe. Nikaiona ile sura yako inayosingizia joto. Nikamwita Eliza, tukaenda zahanati, nikashika kipaza sauti:

"Nina sukari. Kifua kinabana. Ova."

Bila mwakeye, bila watoto hawajambo! Mama mkwe wangu alikuwa kwenye foleni, akajifunika uso kwa kitenge. Lakini gari lilikuja mapema. Ndiyo maana naandika nikiwa wodini Kasulu, nimekatazwa hata kuinama. Mke wako ananilisha uji usio na ladha, na nikikunja uso ananiangalia hivi, namaliza bakuli.

Mwanao Daudi ameanza kunywa maji sana. Anasema ni kazi ya tofali. Nikitoka hapa nitamshika mkono nimpeleke kupima sukari, akinuna anune. Na nyumbani kwako, maadamu napumua, hakuna atakayesema "kidogo tu" nikacheka. Nakuahidi.

Lala salama, shemeji. Zile salamu nilizoziruka kwenye simu nimekuwekea wewe. Subiri niweke kalamu chini, nipige makofi.

Mwakeye, Yusto.

Ova.