Sauti Yangu Imeniweka Foleni

Shoga, sauti yangu mwenyewe imenikata maini!

Unaikumbuka ile kampuni niliyoikataa nilipotoka tu chuo? Eti kusoma "tafadhali subiri" ya kwenye simu zao si kazi ya msomi. Nikawarekodia siku moja, nikaondoka na maringo yangu.

Leo nimewapigia kuomba kazi hiyohiyo. Nani kapokea? MIMI! "Simu yako ni muhimu sana kwetu." Nusu saa nzima najisubirisha mwenyewe! Nimejitukana mpaka mume wangu akaja kuuliza nagombana na nani.

Mwishowe akapokea mhudumu. Ati hawahitaji mtu wa sauti, wanaye tayari.

Nikamwambia, "Mtu huyo ndiye mimi!"

Akacheka. "Hapana, mama. Yule ni binti."

Binti, shoga. BINTI!